Mfereji Ambao Sikuufungua

Vijana wangu, wiki iliyopita mmoja wenu alinipigia simu akiwa Kitale, akaniuliza mbona bia ya pipa aliloweka nyumbani kwake inatoka povu tupu. Nilimuuliza ameosha mfereji lini. Akaanza kunieleza kuhusu regulata, ile ya kupunguza nguvu ya gesi, aliyoagiza kutoka ng'ambo. Nikamuuliza tena ameosha mfereji lini. Akasema mtandao unapotea, akakata. Mtandao haukuwa umepotea. Najua, kwa sababu mimi pia nimewahi kuulizwa swali hilo mbele ya wazee kumi na mmoja, na kama siku hiyo kungekuwa na mtandao wa kupotea, ningepotea nao.

Nilifanya kazi ya mapipa ya bia kwa miaka kumi na minne, nikizunguka kati ya Kitale na Bungoma kwa pikapu ambayo mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba. Kazi nimeiacha mapema. Siwezi kusema nimestaafu. Mgongo ndio uliostaafu, mimi nikaufuata. Chuo kikuu kilikuwa kimenipa digrii ya kemia, na Kitale ikanipa spana. Mama yangu, mshiriki mwaminifu wa kanisa letu kule Saboti, aliwaambia wenzake kwamba nafanya kazi ya gesi. Hakudanganya. Bia ya pipa husukumwa na gesi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Harbans, fundi wa Kisikh aliyekuwa na karakana ya friji mjini Kitale. Siku ya kwanza nilimweleza kwa ufasaha jinsi gesi inavyoyeyuka ndani ya kimiminika kulingana na joto na shinikizo. Alinisikiliza hadi mwisho, maana alikuwa na adabu. Kisha akachukua mfereji wa bia uliokuwa mezani, akaufungua vipande, akanisogezea puani.

"Nusa."

Nikanusa. Ilikuwa harufu ya siki iliyovaa soksi.

"Sasa hiyo elimu yako," akasema, "imeosha hii?"

Basi hapo ndipo nilipoanza shule. Mzee Harbans alikuwa na mambo matatu tu: baridi, gesi na usafi. Bia ya pipa ikae baridi tangu inaposhuka garini hadi inapofika kwenye glasi. Ikipata joto, halafu baridi, halafu joto tena, inachoka kama mtu. Na ikisafiri, iache ilale siku nzima kabla hujaigusa. Pipa lililotoka Bungoma mjini kwenda Naitiri kwa barabara ya miaka ile lilifika limetikiswa kuliko kayamba. Ukilifungua siku hiyo hiyo, utaoga.

Kuhusu gesi, alisema bia isukumwe na gesi yake na si kingine chochote. Mteja mmoja wa Kachibora hakuamini. Gesi ilimwishia Ijumaa akiwa na wageni, akachukua pampu ya baiskeli, akaiunganisha kwa werevu mkubwa, akasukuma hewa ndani ya pipa. Bia ikatoka vizuri, wageni wakampigia makofi. Jumapili alipofungua tena, ilikuwa na ladha ya katoni iliyonyeshewa. Aliniita akaniambia kiwanda kimemuuzia bia mbovu. Pampu ilikuwa bado imeegemea friji. Nilimweleza kwamba hewa ndiyo adui, kwamba hata hewa kidogo tu ndani ya pipa inaizeesha bia kwa siku mbili. Akaniuliza kama pampu ya gari ingekuwa afadhali.

Mwingine, karibu na kwetu Saboti, alikuwa mzee wa kanisa. Yeye aliweka mtambo wote, pipa na mtungi wa gesi, ndani ya kabati la nguo, na mkewe akaambiwa ni mashine ya kutotolesha vifaranga. Nilimsihi autoe mtungi pale, kwa sababu gesi hiyo ikivuja mahali palipofungwa inamaliza hewa ya kupumua, na mtu anaweza kulala asiamke. Weka mtungi mahali penye upepo, uufunge wima ukutani, na upake maji ya sabuni kwenye viungo. Pakitoka mapovu, panavuja. Hilo msilifanyie mzaha. Aliutoa wiki ya nne, lakini si kwa ajili yangu. Mkewe alikuwa ameanza kuuliza vifaranga wako wapi.

Msidhani niliwafundisha watu bila kufundishwa. Kule Naitiri kulikuwa na mkulima asiye na stima kabisa. Alilizungushia pipa magunia aliyoyalowesha, akaliweka kibandani upepo unapopita, na kila saa akayamwagia maji. Nilifika nikiwa na kipimajoto na dharau. Bia yake ilikuwa baridi kuliko ya baa zenye friji mbili. Nilirudisha kipimajoto mfukoni nikaomba glasi ya pili.

Jambo la tatu, usafi, ndilo lililokaribia kuniacha bila mke.

Mwalimu Wafula alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, nje kidogo ya Bungoma mjini. Alipostaafu, wenzake walinunua ng'ombe wa gredi. Yeye akaniita nimwekee bia ya pipa nyumbani. Nilichukua friji kuukuu, nikatoboa mlango, nikapitisha mfereji, na kwa kuwa sebule yake ilijaa vitabu, friji ikakaa jikoni. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, nilikwenda kuosha. Kazi yenyewe ni hii: unapitisha dawa ya kuoshea kwenye mpira unaotoa bia pipani, unaiacha ifanye kazi, unasuuza kwa maji mengi mpaka usibaki na harufu yoyote. Kisha unafungua mfereji vipande vyote, unasugua kila tundu kwa brashi ndogo, unaurudisha. Mpira unajiosha karibu wenyewe. Mfereji unataka mkono wako, na dakika kumi.

Mke wake, Mama Nasimiyu, hakuwa mtu wa pombe. Aliokoka zamani. Lakini mama yake mzazi alikuwa mpishi wa busaa, pombe ya kienyeji, na yeye alikulia kati ya mitungi, kwa hiyo alinitazama nikifanya kazi jinsi mpishi anavyomtazama mtu akikoroga ugali wake. Hakuniambia neno. Alinipa chai, akaenda zake nje.

Binti yao, Nasimiyu, alifundisha shule ya hapo karibu, na Alhamisi alirudi nyumbani mapema. Mnaona mambo yanakoelekea. Mimi sikuona. Nilidhani ninavutiwa na friji ile kwa sababu ya ufundi wake.

Baada ya mwaka mmoja wa Alhamisi, mimi na Nasimiyu tukakubaliana nilete wazee wa posa. Haikuwa rahisi kwa upande wetu. Wazazi wangu walitoka Nyeri wakahamia Trans Nzoia wakiwa vijana, na mama yangu alikuwa amepanga kunioza msichana wa kwaya. Alinipa nafasi moja tu. Nikirudi kutoka Bungoma bila jibu, alisema, nisimletee tena habari za Bungoma.

Alhamisi ya mwisho kabla ya Jumamosi ya kupeleka wazee, Mwalimu alinikuta nikifunga vifaa vyangu.

"Njoroge, nasikia Jumamosi unaleta wazee."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi watakunywa kazi ya mikono yako. Bia ikiwa sawa, tutaongea. Ikiwa mbaya, mtakunywa chai, mtarudi kwenu, tuonane mwaka ujao. Siwezi kumwoza msichana kwa mtu aliyeshindwa kutunza pipa."

"Nimesafisha kila kitu, Mwalimu."

"Hata mfereji?"

"Hata mfereji," nikasema.

Sikuwa nimeufungua. Nilipitisha dawa kwenye mpira, nikasuuza, na Nasimiyu akaingia jikoni na kikapu cha vitabu vya kusahihisha. Nilipotazama saa, ilikuwa wakati wa kwenda. Nilijiambia mfereji mmoja hauwezi kuharibika kwa wiki mbili. Lakini haikuwa wiki mbili. Alhamisi ya kabla ya hiyo pia alikuwa na vitabu vya kusahihisha. Na ile ya kabla yake.

Jumamosi tukafika, msemaji wetu akiwa Baba Mkubwa Karanja, ndugu mkubwa wa baba yangu, ndani ya koti la harusi yake mwenyewe. Mama alibaki Saboti akiomba, na hakusema anaombea upande upi. Wazee wa Mwalimu walikuwa sita, wetu watano. Tukakaribishwa sebuleni, tukaketi, Baba Mkubwa akasimama, akasema tumeona ua zuri katika boma hili na tungependa kumjua mwenyewe.

Na hapo, vijana, ndipo nilipogundua kitu ambacho chuo kikuu hakikunifundisha. Kwa watu wa Mwalimu, mkwe na mama wa msichana hawaonani ana kwa ana. Hawasalimiani kwa mkono. Mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe hata nyumba ikiwaka. Familia nyingi zimelegeza siku hizi. Ya Mwalimu haikuwa imelegeza hata kidogo. Mpaka asubuhi ile nilikuwa fundi, na niliingia jikoni mle kama paka. Baba Mkubwa alipofungua mdomo, nikawa mkwe, na mlango ukafungwa. Friji yangu ilikuwa upande wa pili wa ukuta, na mimi nilikuwa nimeketi kwenye kochi lenye vitambaa vyeupe, mikono magotini.

Senge, yaani shangazi, dada yake Mwalimu, ndiye aliyekuwa mjumbe kati ya jikoni na sebule. Akaingia na sinia ya glasi. Kila glasi ilikuwa na kidole kimoja cha bia, na juu yake povu hadi mdomoni. Harufu ilitangulia sinia. Siki, na soksi.

Mwalimu akainua glasi, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Njoroge, hii niinywe ama ninyolee ndevu?"

Miguu yangu ilisimama kabla yangu. Nilikuwa na spana mfukoni, naam, hata siku ya posa, na nilipiga hatua mbili kuelekea jikoni. Wazee wote wakakohoa kwa pamoja, hata wa upande wetu, ambao hawakujua wanakohoa nini. Senge akajisimamisha mlangoni.

"Wewe, wapi? Keti."

Nikaketi. Mzee mmoja, mdogo wa Mwalimu, akapendekeza nimpigie Mama Nasimiyu simu, kwani ukuta ungekuwa bado katikati. Ukazuka mjadala. Mmoja akasema mila haikutaja simu popote. Mwingine akasema haikutaja kwa sababu hazikuwapo. Mwalimu akamaliza: simu ni mdomo kwa sikio, afadhali hata kushikana mikono. Senge atapeleka maneno.

Ndivyo nilivyotibu friji nisiyoiona, kupitia mjumbe, mbele ya watu kumi na mmoja wenye kiu.

Nikaanza na pipa. Nikamwambia Senge aulize kama kuna mtu aliyelisogeza. Akaenda, akarudi.

"Anasema pipa limelala tangu Alhamisi. Anauliza kama ulitaka alifunike blanketi."

Wazee wakacheka. Nikauliza kama stima ilipotea usiku. Jibu likaja kwamba glasi ya maji niliyoiacha kando ya pipa, ile ya kupimia baridi, ni baridi mpaka meno yanauma. Nikaomba mama apunguze regulata kidogo, afungue mfereji wote kwa mara moja, kwa sababu mfereji uliofunguliwa nusu hupiga povu. Akafanya hivyo. Senge akaleta glasi nyingine. Ilikuwa imetoka polepole zaidi, na bado ilikuwa povu. Nikauliza kama mpira umekunjika.

"Umenyooka vile uliuacha," Senge akasema. "Bana, huyu anauliza kila kitu isipokuwa kile kitu."

Sijui kama alisema hilo kwa akili yake au alikuwa ametumwa. Nilijifanya sikusikia. Jasho lilikuwa linashuka mgongoni, na kwenye kochi kitambaa cheupe kilikuwa kimenata kwangu.

Mwalimu akaweka glasi mezani.

"Wazee, mimi najua kilichotokea," akasema. "Ni huyu mama. Jana nilimwona akizunguka hiyo friji na kitambaa. Amegusa kitu. Watu wa kanisa na bia, wapi na wapi. Kijana aliacha kila kitu sawa; aliniambia mwenyewe."

Msielewe vibaya, hakuwa na ukali. Alikuwa ananitafutia njia. Nadhani alikuwa amenipenda, na hakutaka kunirudisha Saboti kwa sababu ya povu. Wazee wake wakaitikia kwa vichwa. Baba Mkubwa Karanja akaitikia kuliko wote, akanikanyaga mguu kunionya ninyamaze. Nilichohitaji kufanya ni kukaa kimya. Tungekunywa chai, tungeongea, mambo yangekwisha jioni ile ile.

Mama, kule jikoni, hakuruhusiwa kujitetea mbele ya wakwe. Nasimiyu naye alikuwa mle ndani, na nilijua anasikiliza, kwa sababu vyombo vilikuwa vimeacha kugongana.

"Mwalimu," nikasema, "si yeye."

Baba Mkubwa akanikanyaga tena.

"Si yeye. Ni mfereji. Nilikwambia niliusafisha, na sikuusafisha."

Mwalimu alinitazama kwa jicho ambalo, nadhani, wanafunzi wake wengi walilikumbuka uzeeni.

"Kuufungua kunachukua muda gani?"

"Dakika kumi."

"Na Alhamisi ulikaa jikoni kwangu muda gani?"

"Kama saa mbili."

"Ukifanya nini?"

"Nikiongea na Nasimiyu."

"Kuhusu nini?"

"Sikumbuki, Mwalimu."

Mzee mmoja akaficha kicheko ndani ya kofia. Mwalimu hakucheka. Akauliza kuhusu Alhamisi iliyotangulia, nikamwambia ukweli. Akauliza kuhusu ile iliyotangulia hiyo, nikamwambia pia. Hakukuwa na ya nne, na nilishukuru, maana ningeitaja.

Akasimama. Niliuona mwaka mzima ukisimama pamoja naye, na msichana wa kwaya nyuma yake.

"Wazee wangu," akaanza, "mimi nilisema neno, na neno langu—"

"Senge."

Ilikuwa sauti ya mama, kutoka nyuma ya ukuta. Haikuelekezwa kwangu wala kwa mumewe. Ilielekezwa kwa Senge aliyekuwa mlangoni, lakini ilipandishwa kiasi cha kutosha kumfikia kila mtu.

"Senge, waambie wazee wangoje kidogo. Alhamisi nilikuwa hapo nje ya dirisha nachambua maharagwe. Spana haikulia hata mara moja. Na zile Alhamisi zingine haikulia. Mimi najua chombo cha pombe kikioshwa na kisipooshwa. Ningeuosha mwenyewe, si kazi. Jana nilipitisha kitambaa nje tu, ndani nikaacha makusudi."

Akaendelea taratibu zaidi.

"Nilitaka nijue akikosea kwake nyumbani, atamsukumia nani. Sasa nimejua. Waambie hivyo."

Senge alikuwa amesikia kama sisi sote, lakini mila ni mila. Aligeuka, akatuambia yote upya, neno kwa neno.

Kisha spana ikalia. Nyinyi mnaofanya kazi hii mtaujua mlio huo: mzunguko mmoja mgumu, miwili laini, halafu chuma kuanguka kwenye sufuria. Nilisikia maji ya moto yakimiminwa. Nilisikia akisugua. Alitumia ile brashi ya majani wanayosugulia vibuyu, Nasimiyu aliniambia baadaye, na ilifika mahali ambapo brashi yangu ya duka haikuwahi kufika. Nilitaka sana kumwambia kipete cha mpira kinarudi upande upi. Nikafungua mdomo, Senge akanitazama, nikaufunga. Hakuhitaji kuambiwa. Akamwaga glasi mbili za kwanza kwenye karai, kama inavyotakiwa, bila mtu kumfundisha.

Glasi ya tatu Senge akaileta peke yake kwenye sinia. Ilikuwa ya rangi ya dhahabu, safi, na povu juu yake vidole viwili, limetulia. Senge hakunipa mimi, wala hakumpa Baba Mkubwa. Akaipeleka kwa Mwalimu, aliyekuwa bado amesimama.

Mwalimu akaileta puani, akanusa muda mrefu. Akanywa nusu. Akanywa nusu iliyobaki. Akapangusa masharubu, akaketi, akaitazama glasi tupu, kisha ukuta wa jikoni, kisha Baba Mkubwa Karanja, na kwangu hakutazama hata kidogo.

"Haya, mzee wa Saboti," akasema. "Mlisema mmekuja kutafuta nini hapa kwangu?"

Baba Mkubwa akatoa mguu wake juu ya wangu, akafunga vifungo vya koti, akasimama, akaanza upya tangu mwanzo.